Mikono Sitini ya Kushoto

"Sisaini. Na usinisukumie tena hiyo karatasi, nitaiunguza kwa pasi."

"Mama, ni ukurasa mmoja tu!"

"Hata ungekuwa nusu ukurasa. Hata ingekuwa nukta."

"Sasa unanikomoa."

"Nikukomoe nipate nini? Sogea hapo, unanizibia mwanga."

Fundi Shoto aliirudisha pasi juu ya kola iliyokuwa imenyooka dakika kumi zilizopita. Alikuwa anaipiga kwa mara ya tatu, na angeipiga ya nne, kwa sababu mikono yake ikikosa kazi mdomo wake ungeanza kusema mambo ambayo hakuyapanga. Upande wa pili wa meza ya kukatia, binti yake alisimama fomu imebanwa kwapani na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Tangu saa nne asubuhi walikuwa wanazungukana ndani ya chumba hicho cha mbele kama watu wanaotafuta ufunguo uliopotea. Mmoja akienda dirishani, mwenzake anahamia mlangoni. Mmoja akikaa, mwingine anasimama. Chai waliyomimina walipokuwa bado wanacheka ilikuwa imeshika utando.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kitabu cha watoto. Binti huyu ndiye aliyetengeneza ule mchezo wa simu unaoitwa Mkasi Unakuja, na sijui ni nyumba gani haujaingia. Kitambaa kinajikunjua kwenye kioo, vipande vya nguo vinashuka, kola, mifuko, migongo, mikono, na mchezaji anavizungusha na kuvigeuza ili vibanane bila kuacha pengo, huku mkasi wenye macho makubwa unakuja taratibu kutoka pembeni. Ukizubaa, umekatwa. Watoto waliucheza wamejificha chini ya madawati, na walimu waliowanyang'anya simu waliucheza ofisini mlango umefungwa. Ndipo kampuni moja ya vitabu ikamwomba binti awaandikie watoto jinsi mchezo ulivyoanza. Kurasa thelathini na mbili, kila ukurasa na picha yake, na nyuma ya jalada maneno makubwa: "Hadithi ya kweli, mwanzo hadi mwisho."

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa wa Fundi Shoto.

Mchoraji alikuwa amemchora angali kijana, amekaa katikati ya lundo la mikono ya mashati, machozi yanamruka machoni kama maji ya bomba bovu. Chini ya picha iliandikwa: "Siku moja mama yangu alikosea. Alikata mikono sitini, yote ya kushoto. Mama alilia sana. Nikajiambia, nitamtengenezea mama mchezo ili asikosee tena."

Kwa kuwa alikuwa ametajwa na kuchorwa, kampuni ilitaka saini yake kwenye fomu ya ridhaa. Mchapaji alikuwa amesema mashine inawashwa saa tisa kamili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro robo.

"Niambie basi kinachokuudhi," binti alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayehesabu moja mpaka kumi. "Ni machozi?"

"Sikulia."

"Ni picha ya watoto, mama. Wametia chumvi kidogo."

"Wametia gunia zima."

"Au ni aibu? Maana mtaa mzima unakuita Fundi Shoto. Yule mteja wako wa mapazia alikununulia mpaka mkasi wa watu wa mashoto, akidhani ndivyo ulivyozaliwa. Aibu hiyo ilishazeeka, ikaota mvi. Mimi nataka watoto waone kwamba hata fundi mkubwa hukosea. Fundisho lote liko hapo."

"Fundisho." Fundi Shoto aliitua pasi kwa kishindo. "Kama ni la kweli."

"Si la kweli kivipi? Hukukata?"

"Nilikata."

"Si yote ya kushoto?"

"Yote."

"Sasa?"

Fundi Shoto aligeuka kuchukua shati jingine. Shati lenyewe halikuwa na haja ya pasi, lilikuwa limetoka kunyooshwa jana.

"Mama, nakuuliza."

"Na mimi napiga pasi."

Miaka ishirini na minne iliyopita alikuwa mkataji mkuu kwenye karakana ya watu, na iliingia kazi ya mashati thelathini ya kwaya ya shule. Kitambaa kilikuwa cha mistari iliyochapwa upande mmoja. Upande wa ndani ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Sasa, kwa asiyejua, mkono wa shati una mbele yake na nyuma yake. Wa kushoto ukiushona kulia, mvaaji akinyanyua mkono shati zima linapanda naye. Kwa hiyo mkataji hupanga tabaka zake kwa zamu, kipande kimoja uso juu, kinachofuata uso chini, hivyo hivyo mpaka cha mwisho, halafu anachora juu yake na kupitisha mkasi wa umeme mara moja. Yeye alikuwa na vipande thelathini, kila kimoja cha kutoa mikono miwili. Kumi na tano vilitazama juu, kumi na tano vilitazama chini. Thelathini ya kushoto, thelathini ya kulia, kazi imekwisha.

Alivipanga hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaitwa stoo kuangalia vifungo vilivyoletwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto wake wa miaka saba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya meza. "Nitunzie kitambaa changu," alimwambia, "kisichafuke." Aliporudi alilikuta rundo limenyooka kuliko alivyoliacha. Akafurahi. Akachora, akakata. Alipoinua mkono wa kwanza, wa pili, wa kumi, na kuona yote imeelekea upande mmoja, alimgeukia mtoto, na mtoto akamwambia kwa fahari, kidevu juu: "Vingine vilikuwa vimelala vibaya, mama. Nimevigeuza."

Hatua za bosi zilikuwa zinasikika kwenye ukumbi. "Nenda kanywe maji," Fundi alimwambia mtoto. Mtoto akaenda kunywa maji. Bosi alipoingia, Fundi alimwambia: "Nimekosea kupanga." Maneno mawili tu, na hayo mawili yalimgharimu miezi minane ya kushona vifungo na jina ambalo hakulivua tena. Mashati ya kwaya yaligeuzwa vizibao visivyo na mikono. Mikono sitini ya kushoto iliingia kwenye gunia, gunia likaenda nyumbani, na mtoto akaipata. Mwaka mzima aliitandaza sakafuni chini ya kitanda, akiizungusha na kuibananisha mpaka saruji isionekane. Mchezo ulianzia hapo.

Mtoto alilikumbuka gunia. Alichosema siku ile alikisahau kabla hajamaliza kikombe cha maji.

Na mama hakumkumbusha. Mwanzoni kwa sababu alikuwa mdogo. Baadaye kwa sababu hapakutokea siku ya kusema. Halafu mchezo ukapata jina, na binti akaanza kuitwa kwenye kumbi zenye taa kali, na kila ukumbi alisema lile lile: mama yangu alikosea, mimi nikamtafutia dawa. Watu walipiga makofi. Fundi Shoto alikuwa akitazama kwenye televisheni na kubadilisha kituo. Akisema sasa, atambomolea mwanawe hadithi aliyojijengea maisha. Akisaini, atakuwa ametia mkono wake kwenye uongo wa kuwapa watoto wa watu. Na lilikuwapo jambo la tatu, dogo, lenye kinyongo, ambalo hakupenda kulitazama: alikuwa amechoka kuwa mjinga wa hadithi hiyo.

Simu ya binti iliita.

"Mchapaji," alisema, akaipokea kwa spika huku anazunguka meza.

"Dada yangu," sauti ilisema, na nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma, "vipi ile karatasi ya ukaguzi? Nikishawasha, hata ukilia damu sizimi."

"Nimeshaisahihisha yote. Siku mbili nzima. Nakutumia picha sasa hivi. Imebaki saini ya mama."

"Mama anasemaje?"

"Mama anapiga pasi."

"Hiyo si dalili nzuri," mchapaji alisema, akakata.

Binti alielekea chumba cha nyuma, alikokuwa ameitandaza ile karatasi ya ukaguzi. Ilikuwa kubwa kama shuka, kurasa kumi na sita upande huu na kumi na sita upande ule, nyingine zimesimama na nyingine kichwa chini, maana kiwandani karatasi hukunjwa kwanza ndipo ikatwe, na ikishakunjwa kila ukurasa hujikuta umekaa sawa. Kwa kuwa ilikuwa imechukua sakafu nzima, alimweka binti yake mwenyewe ailinde. Huyo alikuwa na miaka saba, na walimwita Kishungi, kwa sababu ya nywele za utosini zilizoshindikana kwa kitana na kwa mafuta. "Niangalizie, mwanangu," alikuwa amemwambia, "isikanyagwe."

Sekunde tatu zilipita.

"Mungu wangu! Umefanya nini? Wewe! Umefanya nini?"

Fundi Shoto aliiacha pasi, akarudi akaichomoa umeme, kisha akakimbia.

Kishungi alikuwa amepiga magoti sakafuni. Karatasi kubwa haikuwapo tena. Kurasa zilikuwa zimekatwa mojamoja, kwa uangalifu ambao fundi yeyote angeusifu, na zimepangwa juu ya kitanda safu mbili zilizonyooka, zote zimesimama, hata moja haikulala kichwa chini. Mkononi mwake kulikuwa na mkasi wenye mpini mweusi.

"Mkasi wangu wa kitambaa!" Fundi alishtuka. "Kwenye karatasi!"

Hakuna fundi cherehani ambaye hajawahi kutishia kumtoa mtu roho kwa kosa hilo, maana karatasi huutia mkasi ubutu. Lakini binti hakusikia habari ya mkasi. Alikuwa amemshika mtoto bega.

"Kazi yangu ya siku mbili! Nilikwambia uangalie, nilikwambia ukate? Wewe huwezi kuachwa na kitu dakika tano, kila unachogusa unaharibu, kila unachogusa!"

Kidevu cha Kishungi kilikuwa juu bado, lakini kilianza kutikisika.

"Zingine zilikuwa zimelala vibaya, mama," alisema. "Nimezigeuza."

Fundi Shoto alihisi kama mtu amemwita jina lake la utotoni kutoka nyuma ya ukuta. Mdomo ukamtangulia, ukashika njia ile ile uliyoizoea.

"Mwache mtoto. Ni mimi niliyemwambia akate."

Binti aligeuka, ameduwaa. Kishungi naye aligeuka, na yeye ndiye aliyeharibu mpango.

"Bibi, hukuniambia," alisema, macho makavu ghafla kwa mshangao. "Wewe ulikuwa unapiga pasi."

Pale mbele, maji ndani ya pasi yalilia mara moja yakanyamaza.

Fundi Shoto alimtazama mjukuu wake, na akaona kwamba mtoto hakushukuru hata kidogo. Mtoto alikuwa amefanya kazi yake, ameitetea, na sasa mtu mzima anamnyang'anya. Kumbe ndivyo inavyokuwa, alifikiri. Huondoi kosa tu. Unaondoka na kazi nzima.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akisogeza ukurasa wa tano na wa sita zisikaliwe.

"Kweli," alisema. "Sikumwambia. Nimesema uongo. Na si mara ya kwanza."

"Mama, sina muda wa..."

"Una saa nzima. Kaa. Wewe pia Kishungi, lete huo mkasi hapa kwanza. Ukirudia kuutia kwenye karatasi nitakushonea mfuko kwenye sikio." Kishungi alitoa mkasi. "Ile mikono sitini, niliikata mimi. Lakini vitambaa nilikuwa nimevipanga sawasawa. Nusu uso juu, nusu uso chini. Nilikwenda stoo. Uliyebaki mezani ni wewe. Uliona vingine vimegeuka, ule upande mbaya uko juu, ukaona mama kachanganya, ukavigeuza vyote vikakaa vizuri. Ukaniambia kwa maneno hayo hayo ya mwanao. Hayo hayo, hata kidevu kilikuwa hivyo."

Binti alichomoa kalamu nyekundu kichwani, akaitazama kama haijui.

"Mimi?"

"Ni nani mwingine? Ulikuwa na miaka saba na nguvu za kugeuza vipande kumi na tano."

"Na bosi..."

"Nilikutuma ukanywe maji."

"Nakumbuka maji," binti alisema taratibu. "Kikombe cha bati. Nilidhani ulinituma kwa sababu nilikuwa na kiu." Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Mama, nimesimama kwenye kumbi ngapi? Nimesema mara ngapi kwamba mama yangu alikosea, nikatengeneza mchezo kumsaidia?"

"Kumi na moja nilizoziona. Kwenye ile ya gauni la bluu pindo lilikuwa limekaa upande."

"Usinichekeshe!"

"Sikuchekeshi, lilikuwa upande. Nilitaka kupiga simu kituo cha televisheni."

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi aliufunga ule mkasi, akauweka mapajani.

"Nilianza kwa kukuhurumia. Halafu nikazoea. Halafu lile kosa likawa langu, nikaona nikilitoa nitabaki na jina tu. Na usidhani nakutupia mzigo leo. Kwenye meza ya kukatia, mwenye kosa ni aliyeshika mkasi. Kabla hujakata unainua pembe, unahesabu tabaka, uso, mgongo, uso, mgongo. Sikuinua. Nililiona rundo limenyooka nikafurahi kama mjinga. Kukosea nilikosea. Ila sikukosea mlivyoniandika, na sikulia."

"Ulifanya nini?"

"Niliomba kikombe cha chai na uzi wa vizibao."

Kishungi alikuwa anafuatilia midomo yao kama mtu anayetazama mpira. "Kwa hiyo mama naye aligeuza?" aliuliza.

"Aligeuza," bibi alisema.

"Akapigwa kelele?"

Binti aliinuka nusu, akamvuta mtoto kwa mikono, akamkalisha mapajani, akakilaza kile kishungi kwa kiganja. Kikasimama tena.

"Hakupigwa kelele," binti alisema. "Nisamehe, mwanangu. Umezikata vizuri. Zimenyooka kuliko za kiwandani."

"Najua," Kishungi alisema.

Simu iliita tena mfukoni. Binti hakuipokea. Alikuwa anazitazama zile kurasa kitandani, na Fundi Shoto alimwona akipiga hesabu usoni, kama alivyofanya tangu utoto kila alipotaka kumpiga chenga: nikiacha ilivyo, hakuna anayejua. Mama atasaini, nitamwahidi mchoro mpya kwenye toleo la pili, basi. Watoto watacheka, watafunga kitabu. Nikibadilisha, nitaulizwa kila ukumbi kwa nini nilisema vingine. Fundi aliyaona yote hayo yakipita, na safari hii hakusubiri kuona yataishia wapi. Maana mwenye saini ni yeye.

"Nipe kalamu."

"Utasaini?"

"Nipe kalamu, mwanangu."

Aliuchukua ukurasa wa kumi na mbili kutoka kwenye safu. Ulikuwa mwepesi, umekatwa sawasawa, tayari kushikwa mkononi. Akauweka juu ya kifuniko cha sanduku la vifungo, akafuta mistari yote minne kwa mstari mmoja mrefu, kama anavyofuta chaki, na akaandika chini yake kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo: "Mama alipanga vitambaa. Mtoto akaona vingine vimelala vibaya, akavigeuza. Mama hakukagua, akakata. Mikono sitini ikatoka yote ya kushoto, na mtoto akapata kitu cha kuchezea." Kisha akavuta fomu kutoka kwapani kwa binti yake, ilikokuwa imekaa muda wote huo na kuota joto, akaandika juu yake "kwa maneno haya tu," akatia saini.

"Hii ndiyo nimesaini," alisema. "Ile nyingine hapana. Mtoe huyo mtoto mapajani uamue."

Binti alisoma kimya. Akasoma tena, sasa kwa sauti, na Kishungi akatikisa kichwa kukubali kama mkaguzi. Simu ikaita mara ya tatu. Binti alichukua kalamu, na baada ya neno la mwisho la mama yake akaongeza manne ya kwake: "Mtoto huyo ni mimi." Akaupiga picha ukurasa, akaipiga picha fomu, akapokea simu kwa spika.

"Dada, ni saa nane na nusu, unaniua," mchapaji alisema.

"Ukurasa wa kumi na mbili umebadilika. Nimekutumia."

Mashine ziliendelea kunguruma kule. Kisha sauti ikarudi, imepungua kelele.

"Nimesoma. Wewe ndiye uliyegeuza?"

"Ni mimi."

"Maneno naweza kuyaweka, dakika tano. Lakini picha sina mchoraji saa hizi. Huyu mama bado analia."

"Mwambie afute machozi!" Fundi Shoto alisema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Nimemsikia," mchapaji alisema. "Machozi nayafuta mwenyewe. Kurasa nyingine je? Ziko sawa?"

Binti aliinama juu ya kitanda. Alianza na ukurasa wa kwanza, akauinua, akaugeuza kutazama nyuma yake, akaupiga picha pande zote mbili, akautuma, akachukua karatasi iliyofuata.